Apu yasema bado mia tano na wewe umeshiba, ule ama ulale?

Saa tatu usiku, vyombo vishaoshwa, mtu anafungua simu aandike alichokula siku nzima, apu yamwambia umebakisha kalori 500 kufikia lengo lako la leo, na tumbo limejaa ndi. Sasa afanyeje, arudi jikoni ale na hana njaa ama aache hivyo hivyo alale? Hili swali naulizwa sana, na kina dada wanaopunguza mwili na hawa vijana wa kunyanyua vyuma, na kila mmoja ashasikia jibu lake tofauti huko alikotoka, huyu kaambiwa usipofikisha namba mwili "unafunga" hauchomi tena mafuta, yule kaambiwa usile kamwe bila njaa.

Mimi nitakwambia hivi. Kama wapunguza mwili na siku nyingi wala vizuri, funga simu ulale, hakuna kitakachoharibika. Kama waongeza mwili, kula hata kama hutaki. Kama uko kwenye sindano za sukari ama wakonda na hujui kwa nini, hapo apu haina kazi, soma kule chini. Lakini kabla hujafika kuamua kuna kazi ya kufanya kwanza, manake mara nyingi zile 500 zenyewe hazipo, ushazila zamani ila hukuziandika.

Hiyo namba imetoka wapi kwanza

Apu nyingi zatumia fomula moja ya Marekani ya mwaka 1990, yaitwa Mifflin-St Jeor, na unaweza kuipiga mwenyewe kwa kalkuleta ya simu. Uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, halafu mwanamume aongeza 5 na mwanamke atoa 161. Tuseme dada wa miaka 30, kilo 72, urefu sentimita 160. 720 na 1,000 ni 1,720, toa 150 za umri, toa 161, yabaki 1,409. Hizo ndizo mwili wake watumia hata akilala kitandani kutwa.

Sasa apu inamuuliza unajishughulisha kiasi gani na hapa ndipo panapoharibika. Akibonyeza kidogo, yazidishwa kwa 1.375, apata 1,937. Akibonyeza wastani ni 1.55, apata 2,184. Tofauti ya karibu 250 kwa kugusa kidole mara moja, na hebu niambie kutembea kutoka Ferry mpaka mjini hapa Mombasa kila asubuhi halafu kukaa kwenye kiti mpaka saa kumi na moja ni kidogo ama ni wastani? Hakuna ajuaye. Na fomula yenyewe ni wastani wa watu wengi, mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu yake ama chini yake kwa asilimia 10 na yuko sawa kabisa na afya yake.

Bado hujafika kwenye paketi. Marekani kwenyewe sheria yao yaruhusu kalori za ndani zizidi zilizoandikwa mpaka asilimia 20, na sie twala vya kupimiwa kwa upawa vingi kuliko vya paketi. Kwa hivyo mtu akiniambia lengo langu ni 1,550 mimi nasikia kati ya 1,400 na 1,700, na nataka na yeye asikie hivyo hivyo. Ukiwa ndani ya hapo umefika, hizo za juu yake usizikosee usingizi.

(Paketi nyingi zaonyesha pia kilojuli, kJ. Ukiona biskuti ina 2,000 kwa gramu 100 usizimie, gawa kwa 4.2, ni kama 476. Nimeona mtu ameandika kJ kama kalori akashangaa mbona ameshafikisha lengo saa nne asubuhi.)

Kagua ulichoandika kabla hujaamini umepungukiwa

Hapa ndipo nitakaa kidogo kwa sababu chakula chetu cha pwani kinaficha kalori vibaya mno. Protini gramu moja ni kalori 4, wanga gramu moja ni 4, mafuta gramu moja ni 9, na sisi twapika kwa nini? Kwa tui, kwa samli, kwa mafuta ya kukaangia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120. Mtu amekaanga kitunguu kwa vijiko vitatu, akaandika "mchicha, bakuli moja", apu ikampa kalori 40 za mchicha wa kuchemshwa na chumvi, ule mchicha ambao hakuna mtu aliyewahi kuula Mombasa hii.

Chukua wali wa nazi. Nusu kilo ya mchele mkavu ni kama kalori 1,800. Tui zito gramu 400 ni kama 900, manake tui zito lina 230 hivi kwa kila gramu 100. Jumla 2,700 sufuria nzima, na wali ukiiva wapata kama kilo moja na gramu 400. Gawa, ni karibu 190 kwa kila gramu 100. Sasa apu ukiiandikia "wali" inakupa 130, kwa sababu inajua wali wa maji. Sahani yako ya gramu 350 ambayo umeiandika 455 kumbe ni 665, tayari 210 zimepatikana hapo kwa sahani moja.

Ukitaka kujua sahani yako bila kuumiza kichwa, nunua mizani ya jikoni, pima sufuria tupu mara moja tu na uandike gramu zake kwa kalamu ya maki kwenye kibandiko kidogo ubandike pale karibu na jiko, siku ya kupika unapima sufuria na chakula chake, unatoa uzito wa sufuria, wapata uzito wa wali. Jumla ya kalori ulizotia gawa kwa uzito huo. Ni dakika mbili. Na mchele upime mkavu uuandike mkavu, ama upime ulioiva uuandike ulioiva, usichanganye, manake mkavu ni kama 360 kwa gramu 100 na ulioiva kwa maji ni 130, ukikosea hapo hesabu yote ya siku imekufa.

Halafu chai. Kijiko cha chai cha sukari ni kama kalori 16. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, hivyo ni vijiko 12, ni karibu 190, na hapo hujatia maziwa, na mtu mwenyewe ameandika "chai" na apu imempa kalori 2. Mahamri sitakupa namba kwa sababu la kwenu si la kwetu, kuna lile dogo la harusi na kuna lile moja likifika sahani yote imejaa, na limeelea kwenye mafuta muda gani ni mpishi ajuaye. Wewe ukiona limeacha doa la mafuta kwenye gazeti jua na hiyo imo.

Soda ya nusu lita ni 200 na kitu. Dafu nalo, maji yake ni kama 20 kwa kila mililita 100, hilo kunywa kwa raha zako.

Ukishapita yote hayo uone kama 500 bado ni 500. Mara nyingi zimebaki 100, na hakuna cha kujadili.

Hujasikia njaa, lakini kwa nini

Tuseme umekagua na kweli umekula kidogo. Sasa jiulize shibe hii ni ya nini, kwa sababu Mombasa mtu anaweza kukosa njaa kwa sababu kadhaa ambazo hazihusiani na kuwa mwili umetosheka.

Joto ndilo la kwanza. Kuanzia Januari mpaka Machi, kaskazi imesimama, shati limeganda mgongoni, nani anataka sima saa saba mchana? Mwili wenyewe hauna hamu, kusaga chakula kunaongeza joto ndani na mwili unalikimbia. Hiyo ni kawaida. Lakini angalia kinachofuata, jioni upepo ukianza kuvuma hamu yote inarudi kwa mpigo, na inarudi umekaa pale ufuoni Mama Ngina na mbele yako kuna mihogo ya kukaanga, mabuyu, viazi karai na chatne ya ukwaju. Mtu aliyekuwa "sina njaa" kutwa anakula 900 kwa nusu saa amesimama, na hata haziandiki kwa sababu hajaketi mezani. Kwa hivyo kama ni saa kumi na unaona huna njaa na umekula 400 tu tangu asubuhi, usishangilie bado. Ngoja saa nne usiku ndio utajua kama ilikuwa shibe ama ilikuwa njaa imeahirishwa.

Pili ni mazoea. Homoni ya njaa, ghrelini, waliyoigundua Wajapani mwaka 1999, hupanda karibu na saa ulizozoea kula. Ukikaa miezi huli asubuhi, asubuhi haikuumi tena, na hilo halina ubaya wowote kama siku nzima inajaa. Ni saa tu imehama.

Tatu muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Sitaki kuhubiri, kaunti yenyewe ilijaribu kupiga marufuku mwaka 2024 ikaishia mahakamani. Ila kwa mambo ya chakula jua kwamba miraa na muguka zinaua hamu ya kula, na usingizi pia, na ukiwa umekaa baraza tangu alasiri na soda mkononi basi kukosa njaa kwako saa mbili usiku hakukuambii chochote kuhusu mwili unahitaji nini. Kula kwanza ndipo ukae. Mtu anayepunguza mwili kwa njia hii anapunguza misuli, usimuonee wivu.

Mazoezi makali nayo yanafukuza njaa kwa muda, saa moja ama mbili baada ya jimu, halafu inarudi. Mawazo, kodi, mtoto mgonjwa, mapenzi, mwajua wenyewe. Na dawa, metformini ya sukari kwa mfano wengi inawapunguzia hamu ya kula mwanzoni.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, shibe yako yaaminika kulingana na unachokula. Kuna utafiti wa Marekani wa 2019, wa Kevin Hall na wenzake, waliwaweka watu 20 ndani, wiki mbili vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, wakaambiwa kuleni mtakavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na hawakuambiwa wale zaidi. Kwa hivyo mtu ambaye sahani yake ni samaki, mbaazi, mchicha, muhogo wa kuchemsha, na matunda, akiniambia nimeshiba mimi namwamini. Aliyeshinda na chipsi, soseji na soda akisema ana njaa ama hana, sijui nimwambie nini, mwili wake wenyewe umechanganyikiwa.

Unapunguza mwili na umeshiba chini ya lengo

Usijilazimishe. Ule uoga wa kwamba mwili utafunga ukikosa 500 za leo uache kabisa. Mwili hauzimi kwa usiku mmoja. Ni kweli ukikaa wiki na miezi unakula kidogo sana matumizi yanashuka, mwili unapoa, unakuwa mvivu, lakini hiyo inakuja polepole na haiji kwa sababu ya Jumanne moja.

Tazama wiki nzima. Lengo la 1,550 kwa siku ni 10,850 kwa wiki. Ukila 1,100 leo umepungukiwa 450, zikigawanywa kwa siku saba ni kama 64 kwa siku, nusu chapati hata haifiki. Na kesho kutwa kuna arusi Tudor na sinia la biriani linakungoja, utazilipa tu na riba juu.

Lakini kuna mambo mawili siyaachi. Moja ni protini. Mtu anayepunguza na hali protini ya kutosha anapoteza nyama pamoja na mafuta, anabaki mwembamba lakini laini, ngozi imelegea na nguvu hana. Lenga gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo yako, huyu dada wetu wa kilo 72 ni kati ya 86 na 115. Ukishafikisha hizo, zinazobaki ni zako, ukizila sawa ukiziacha sawa. (Wenye ugonjwa wa figo msinisikize hapa, muulizeni daktari wenu kwanza.)

Shoga yangu mmoja alinipigia juzi tu kwa jambo hili hili.

"Shoga, yasema nimebakisha 520 na mimi siwezi hata maji."

"Umekula nini tangu asubuhi?"

"Chai na mahamri mawili na mbaazi kidogo. Mchana juisi ya ukwaju tu, joto limenizidi. Usiku huu wali na mchicha."

"Samaki je?"

"Samaki nimewaachia watoto na baba yao."

Sasa hapo 520 si neno. Neno ni kwamba siku nzima protini yake haifiki gramu 40. Nilimwambia aangalie kama kuna kipande cha jodari kimebaki, gramu 100 tu, kalori kama 130 na protini 29 hivi, atie ndimu ale baridi, na kama hakipo mayai mawili ya kuchemsha, kama 150 na protini 12. Basi, alale. Sikumwambia atafute kitu cha kujaza zile mia nne zingine, na kesho yake samaki awatilie watoto na ajitilie na yeye pia, kwani yeye ni nani katika hiyo nyumba.

La pili ni sakafu. Madaktari wengi husema mwanamke asiteremke chini ya 1,200 kwa siku na mwanamume chini ya 1,500 bila mtu wa afya kumsimamia. Siku moja moja ikitokea imetokea. Ikiwa ni wiki ya pili sasa na kila siku unaishia 900 na unasema "lakini sina njaa", hapo nakwambia kula, tena kwa ratiba. Marekani mwaka 1944 na 1945 waliwahi kuwalisha wanaume 36 wenye afya kama kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita, na hao walikuwa watu wa kutembea sana kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa wanahisi baridi, wanyonge, hasira karibu, na mawazo yao yote ni chakula chakula chakula. Ukiona nywele zinakatika, hedhi imepotea, kizunguzungu ukisimama, baridi na uko Mombasa Februari, lengo lako liko chini mno, na pengine unakula hata chini ya hilo.

Kwa wanaoshindwa na joto hebu hamisha chakula chenyewe badala ya kupigana nacho. Kula asubuhi mapema kabla jua halijapanda, mayai, maharagwe ya jana, muhogo. Mchana chukua vya baridi, mtindi, matunda, saladi ya jodari na kachumbari yenye ndimu nyingi, embe msimu wake. Chakula kizito kiwe baada ya magharibi. Ukifanya hivi ile saa tatu usiku na 500 mkononi inaanza kutokea mara moja moja tu.

Unaongeza mwili na huwezi kula tena

Wewe hadithi yako ni nyingine na usijifiche kwenye "nasikiliza mwili wangu". Mwili wako ndio umekuweka kilo 55 miaka yote hiyo, ukiusikiliza utabaki hapo hapo. Njaa yako inakutosheleza ubaki ulivyo, na wewe wataka zaidi, kwa hivyo lengo kwako ni kama dozi, unameza. Kalori 250 mpaka 400 juu ya matumizi yako zinatosha, usianze na elfu moja utavimbiwa siku tatu uache.

Kunywa kalori zako. Tumbo huhesabu kilichotafunwa zaidi ya kilichonywewa. Maziwa mililita 300 ni kama 180, ndizi moja kama 105, vijiko viwili vikubwa vya siagi ya njugu kama 190, tende ndogo nne kama 90, piga kwenye blenda na barafu, ushapata 565 kwa dakika tano na hujachoka taya. Ukiwa bado una nafasi tia tui zito gramu 50, zingine 115. Kunywa kati ya milo ama usiku, usinywe kabla ya chakula ukajiharibia.

Vile vile acha kujaza tumbo kwa vitu visivyo na kitu. Usianze na supu bakuli kubwa na maji lita moja. Kuna watu Australia mwaka 1995 walipima vyakula vinavyoshibisha, viazi vya kuchemsha vikawapiga wote, mkate mweupe ukapitwa kwa zaidi ya mara tatu. Kwa hivyo anayepunguza, viazi vya kuchemsha ni rafiki. Wewe unayeongeza chukua wali wa nazi, chapati, korosho, ovakado, samaki wa kupaka, na mafuta tia juu ya chakula kilichoiva, kijiko kimoja cha samli kwenye mbaazi hukisikii hata.

Kula mara tano ndogo badala ya tatu kubwa, na weka kengele ya simu kama ya dawa. Kijana anayefanya kazi ya mjengo Kisauni ama kubeba mizigo Kongowea anaweza kutumia 3,000 na zaidi, huyo kikombe cha uji wa njugu saa nne asubuhi si anasa.

Ukishalazimisha mpaka wataka kutapika simama, hakuna misuli inayojengwa kwa kutapika. Ongeza 100 tu kwa wiki mpaka tumbo lizoee.

Ramadhani

Mwezi huu wote hesabu zinageuka. Unafungua kinywa kwa tende na maji, uji, sambusa mbili, kaimati, bakuli la mbaazi, na kwa dakika ishirini umeshiba kabisa na apu yaonyesha umekula 700 tu na usiku ni mfupi. Anayepunguza asijilazimishe kufikisha, ila daku asiiache, hata kama ni kidogo, mayai na mtindi na maji ya kutosha, manake asipokula daku kesho magharibi atazikwa na kaimati. Na kaimati zenyewe zihesabu kwa wingi, hazina umoja.

Anayeongeza mwili agawe mara tatu: futari nyepesi, chakula chenyewe baada ya tarawehe, na daku nzito. Usijaze kila kitu kwenye futari, utashindwa kusimama kwenye swala na hutakula tena mpaka asubuhi.

Hawa wasisikilize apu wala njaa

Mtu wa sukari anayedunga insulini ama anayekunywa vidonge kama glibenklamidi. Ukishameza dawa na usile, sukari inaweza kushuka mpaka uzimie. Hapo unakula, njaa iwepo isiwepo, na kama huwezi kula kabisa piga simu kwa daktari kuhusu dozi. Ukianza kutetemeka, jasho la ghafla, moyo unaenda mbio, chukua vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji unywe hapo hapo, halafu chakula.

Wajawazito na wanaonyonyesha, na watoto, wasikate kalori kwa fomula ya simu. Mama anayenyonyesha anahitaji kalori mia tatu, mia nne hivi za ziada, na siku za mwanzo usingizi unaua hamu, kwa hivyo mama ama mama mkwe akikuletea bakuli la supu ya kuku na pilipili manga na huna njaa, sema ahsante mama unywe.

Wazee wetu. Bibi akisema "mie nimeshiba mwanangu" kila siku na kanga inazidi kumzunguka, usiseme ni uzee. Uzito ukishuka asilimia 5 ndani ya miezi sita mpaka mwaka bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni ya kwenda hospitali, kwa mzee na kwa kijana. Ikiwa kuna kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ama jasho la usiku la kulowesha shuka, kapimwe kifua kikuu, hospitali za serikali kipimo na dawa ni bure. Sukari, tezi ya shingoni, vidonda vya tumbo, msongo wa mawazo, yote yaweza kumkondesha mtu.

Na wewe ambaye namba ikipita 20 tu unalia, unajitapisha, unaogopa kualikwa kwa watu kwa sababu hutajua wali wao una kalori ngapi, futa apu leo. Sisemi kwa mzaha. Zungumza na mtu wa afya ya akili, hii inatibika, na kuhesabu kwako kunazidi kukuchimba.

Baada ya mwezi

Wengine wote, jipime asubuhi baada ya choo kabla ya chai, siku kadhaa kwa wiki, chukua wastani wa wiki uulinganishe na wa wiki nyingine. Siku moja isikutishe, biriani ya chumvi inashika maji kilo nzima, na kina dada linganisheni wiki ile ile ya hedhi na hedhi. Anayepunguza akishuka nusu kilo hivi kwa wiki lengo lake liko sawa, hata kama apu yamwambia kila usiku amebakisha. Akishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, tena wiki baada ya wiki, aongeze chakula, njaa iwepo isiwepo. Ikipita wiki nne na wastani umesimama pale pale na mafuta na sukari na tui umeandika bila kujionea haya, toa 150 ama ongeza nusu saa ya kutembea jioni, chagua moja tu, ukifanya zote mbili kwa pamoja hutajua ni ipi iliyofanya kazi.